Kutwa moja Mji Mkongwe, kamera imetulia

Anayeanza kupiga taimulepsi ya matembezi, yaani video ya picha moja moja zilizopigwa kwa vipindi kisha zikaungwa, hudhani kazi yenyewe ni kutembea. Hujifunga kamera kifuani, huitegesha ipige picha kila baada ya sekunde 2, akauzunguka Mji Mkongwe kutwa nzima. Usiku akizikusanya picha zake hukuta video ya kutia kichefuchefu: ukuta, mgongo wa mtu, nusu ya mlango, anga, ukuta tena. Hakuna kinachoonekana kubadilika kwa sababu kila kitu kimebadilika kwa pamoja. Jicho linataka kimoja kitulie ndipo lione kingine kinavyokwenda.

Kwa hiyo kutwa ya saa 12 igawe hivi: kutembea saa mbili hivi, zilizobaki ni kusimama. Mji wenyewe unakuruhusu. Kutoka Malindi hadi Shangani kwa miguu haifiki nusu saa hata ukipotea kidogo Kiponda, na kupotea Kiponda ni jambo la kawaida hata kwa wenyeji wa mitaa mingine. Chagua vituo saba mpaka tisa, na kila kituo ukifikie saa yake, maana kila mahali pana kitu chake kinachokwenda: samaki, viatu, kivuli, maji, moshi.

Hesabu ifanywe nyumbani, usiku wa kabla. Video hucheza fremu 25 kwa sekunde, basi kipande cha sekunde 10 ni picha 250. Ukipiga kila sekunde 2, utasimama dakika 8 na kidogo. Kila sekunde 5, karibu dakika 21. Kila sekunde 15, saa nzima na zaidi ya dakika 2. Video ya dakika 3 inakula picha 4,500, na kwa kuwa nyingine utazitupa, panga kupiga 6,000. Kwa kamera ya megapikseli 24, picha 6,000 za RAW, yaani ghafi, ni kama gigabaiti 150, wakati JPEG, zilizobanwa, hazifiki hata 60. Ushauri wetu ni JPEG mchana kutwa, RAW uiweke akiba ya machweo peke yake. Wapo wasiokubali, wakasema RAW tangu alfajiri. Hao kwa kawaida wana kompyuta nzuri kuliko zetu.

Kipindi kati ya picha na picha kinategemea mwendo wa kile unachokipiga, hakitegemei urefu wa subira yako. Watu sokoni, sekunde 1 au 2. Mawingu ya kaskazi, 3 hadi 5. Jahazi linalopita mbali, 3. Kivuli ukutani, 15. Maji ya bahari, 20 hadi 30. Ukikosea kuelekea chini, yaani ukapiga mara nyingi kuliko ilivyohitajika, bado utaweza kuruka fremu moja moja wakati wa kuunga. Ukikosea kuelekea juu, hakuna dawa: watu wataonekana wanaibuka na kutoweka kama mashetani.

Mambo mengine ya kamera ni haya, na yote hufanywa kabla ya kufungua mlango. Mwanga uwe wa kuweka kwa mkono, usiachiwe kamera. Mizani ya rangi ifungwe kwenye alama ya jua, la sivyo kuta za chokaa zitakuwa njano, zikawa samawati, zikarudi njano, kila kanga ikipita. Fokasi ifungwe, kisha kipande cha gundi ya karatasi juu ya pete ya lenzi, maana mkono hugusa. Kitulizi cha mtikisiko kizimwe kamera ikiwa juu ya stendi. Kile kipengele cha kusafisha chembechembe kwenye picha za shata ndefu, yaani zinazoacha mwanga uingie kwa muda mrefu, nacho kizimwe, kwa sababu baada ya kila picha kamera hukaa muda ule ule tena ikijisafisha, na vipindi vyako vinavurugika. Shata yenyewe iwe fupi kuliko kipindi, ibaki nafasi ya kamera kuandika kwenye kadi.

Halafu umande. Aliyelala chumba cha kiyoyozi akatoka na kamera mkononi saa 12 alfajiri, lenzi yake itaingia ukungu papo hapo, na ukungu ule hufutika kwa nje tu. Wa ndani unasubiriwa. Kamera ikae ndani ya mkoba uliofungwa zipu, mkoba utolewe varandani nusu saa kabla. Wengi huifuta lenzi kwa shati, wakapaka chumvi ya bahari ya jana. Beba vitambaa safi viwili, kimoja cha mvuke, kimoja cha vumbi, visichanganywe.

Jua Unguja huchomoza kati ya saa 12 kamili na saa 12 na dakika 35, kwa kutegemea mwezi. Mji umeipa bahari uso wake upande wa magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko mgongoni mwako: mashua zinazoingia Malindi zinapata mwanga mzuri wa mbele, rangi zinasoma vizuri, hakuna haja ya filta yoyote kwa saa nzima ya mwanzo. Simama pembeni ya ufukwe penye wavuvi, kipindi cha sekunde 3, dakika 20. Usitegeshe stendi kuelekea lango la bandari wala penye askari. Hapo hapana majadiliano, na hata ukiruhusiwa baada ya maelezo marefu, mwanga wako umeshakwenda.

Saa 2 uwe Darajani, marikiti. Mnada wa samaki ndio wenye mwendo, na ndio wenye matatizo yote. Sakafu ina maji muda wote, miguu ya stendi huteleza milimita moja moja, na milimita moja ikikuzwa kwenye video ni mtetemeko. Panua miguu mpaka mwisho, ushushe kamera kiunoni, uegemee nguzo. Usininginize mkoba chini ya stendi ukabembea. Ama uguse sakafu ama usiwepo. Kipindi sekunde 1. Pangilia fremu hivi: meza moja ya samaki iwe mbele, imetulia, na watu wawe nyuma yake. Jodari mmoja mkubwa akilala mezani dakika 10 huku mikono inamzunguka, ikimgeuza, ikimpima kwa jicho, halafu ghafla hayupo, hicho kipande kimoja kinaeleza mnada kuliko picha pana ya jengo zima. Mwombe mwenye meza kwanza, na usisimame kwenye njia ya wachukuzi. Neno “pisha!” halirudiwi mara mbili.

Hapa pia ndipo pa kusema juu ya nyuso. Watu wengi wa mji hawapendi kupigwa picha bila kuombwa, na wana haki. Taimulepsi ina bahati moja: ukiiacha shata wazi thuluthi moja ya sekunde, anayetembea huwa mfuto, buibui linakuwa mkondo mweusi, kanzu mkondo mweupe, na uso hausomeki. Adabu na uzuri vimekutana. Lakini mchana mwanga ni mwingi mno kwa shata ya namna hiyo, ndiyo maana unahitaji filta za kupunguza mwanga, mbili tu. Uwanjani penye jua kali, kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/11, shata ya kawaida ni 1/200. Filta ya kupunguza mara 64 inaifikisha karibu 1/3. Ndani ya kichochoro chenye kivuli, kwa f/8, ni kama 1/25. Hapo filta ya mara 8 inatosha kukupa 1/3 ile ile. Ukipeleka ya mara 64 kichochoroni, utapata sekunde 2 na nusu, na watu wote watafutika, ubaki na mji mtupu uliohamwa. Kuna wanaoupenda. Sisi tunaona ni uongo kidogo, maana Mkunazini saa 3 asubuhi haujawahi kuwa mtupu.

Aliyetulia, lakini, hafutiki. Mzee aliyekaa barazani atatoka wazi kabisa hata shata ikiwa sekunde nzima. Kwa hiyo barazani huombwa, na huombwa kwa utaratibu wake. Stendi ibaki begani, usiisimamishe kwanza ndipo uulize.

“Assalaam aleikum, wazee wetu. Tunaomba ruhusa kuiweka kamera hapa kwa nusu saa. Itapiga mikono na dhumna, nyuso haizipigi.”

“Waaleikum salaam. Kaa kitako kwanza, unywe kahawa.”

Hilo la kukaa kitako si la kuruka. Dakika 15 za kahawa ziwemo kwenye ratiba tangu mwanzo. Pale Jaws Corner, Sokomuhogo, saa 3 na nusu mpaka saa 4 na nusu panafaa: dele liko juu ya makaa, vikombe vinaoshwa na kurudi, mbao za dhumna zinajengeka mezani kama nyoka, kisha zinavunjwa. Kamera itazame meza kutoka juu, kipindi sekunde 1, na mkono wa stendi ufungwe barabara kwa sababu kila anayepiga kete ya ushindi huipiga kwa nguvu, na meza ikiguswa na stendi basi kila bao utaliona kwenye video.

Wakati huo huo, kamera ya pili inafanya kazi peke yake. Inaweza kuwa simu ya zamani tu, haihitaji hata laini. Kazi yake ni maji. Bahari ya Unguja wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hupanda na kushuka karibu mita 4, na siku hizo maji hutoka kabisa mnamo saa 4 au 5 asubuhi, yakajaa saa 10 au 11 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Wiki moja baadaye ni maji mafu, tofauti ni ndogo, na ukipiga siku hiyo utapata saa sita za picha ambazo hakuna kilichotokea. Basi chagua tarehe ya matembezi kwa mwezi wa angani, usifuate siku yako ya mapumziko. Tegesha simu juu ya paa la mwenyeji anayekujua, ielekee ufukwe penye mashua zilizolala mchangani, kipindi sekunde 20, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10. Utapata picha 1,080, sawa na sekunde 43. Mashua zinalala ubavu, zinaguswa, zinajitikisa, zinasimama, zinageuka zote kwa pamoja kufuata upepo.

Simu hiyo itakufa kwa joto kama hujaikinga. Vua kava, iweke kivulini, na kama kivuli kinahama ifunike juu kwa kipande cha kitambaa cheupe kilichoinuliwa kisiiguse. Pawabenki iwe chini yake pembeni, isiwe mgongoni, kwa sababu inapochaji nayo inatoa joto. Mwangaza wa kioo uushushe mpaka mwisho, weka hali ya ndege, zima kujifunga kwa kioo. Hilo la mwisho husahauliwa zaidi kuliko yote.

Saa 6 mchana wapiga picha wengi hupumzika, wakisema mwanga ni mbaya. Mji Mkongwe ni kinyume. Vichochoro ni vyembamba na nyumba ni za ghorofa mbili, tatu, hivyo jua halifiki chini isipokuwa saa hizi, na halikai. Mapema Machi na tena siku za mwanzo za Oktoba jua hupita utosini kabisa, mnamo saa 6 na nusu Machi, saa 6 na dakika 10 hivi Oktoba. Siku hizo kichochoro kinachokwenda kaskazini na kusini hupata ufito wa mwanga upande wa ukuta wa magharibi, unashuka, unafika chini, unavuka njia, unapanda ukuta wa mashariki, unatoweka. Kinachokwenda mashariki na magharibi kina tabia nyingine, mwanga hukaa muda mrefu na hauvuki kitu. Tafuta cha kwanza. Kipindi sekunde 15, saa 1: picha 240, chini kidogo ya sekunde 10. Mwanga uwekwe kwa kuta zilizo kwenye jua, giza liwe giza. Ukipima kwa kivuli, ufito utaungua uwe mweupe mtupu.

Kituo cha adhuhuri tunachokipenda kuliko vyote ni kidogo sana: mlango wa msikiti, na viatu. Si ndani, si penye kutawadhia, si watu. Omba ruhusa kwa imamu au msimamizi siku ya kabla. Kamera ishushwe futi moja kutoka chini, itazame kizingiti na ngazi, kipindi sekunde 2, ianze dakika 10 kabla ya adhana. Mwanzo kuna jozi mbili tatu, ndala za bluu, za wazee waliowahi. Adhana ikiadhiniwa zinaongezeka jozi kwa jozi, zimepangwa. Inapokimiwa zinamwagika kwa wingi, moja imeinama juu ya nyingine, za waliokuja mbio. Kisha kwa dakika kadhaa hakuna kinachocheza isipokuwa kivuli cha kizingiti, na ndipo zinaondoka, na za kuondoka hazifuati mpangilio wa kuja. Dakika 40, picha 1,200, sekunde 48, ukate ubakize 15. Siku ya Ijumaa viatu hutoka nje ya fremu, basi urudi nyuma hatua mbili.

Mwezi wa Ramadhani ratiba hii yote haifai. Mchana mabaraza yamelala, migahawa imefungwa, na mwendo wa mji unaanza baada ya futari. Pindua siku: anza alasiri, maliza daku.

Kutembea kwenyewe kunapata nafasi alasiri, na kunataka njia iliyonyooka. Ndani ya vichochoro haiwezekani, shabaha hupotea kila baada ya hatua kumi. Nenda Mizingani, kando ya bahari, uanzie Mtini ukielekea Forodhani. Chagua nukta moja mbali mbele yako, pembe ya jengo au nguzo, uiweke katikati ya mistari ya kioo cha kamera, piga, sogea nusu mita, uiweke nukta mahali pale pale, piga. Mita 100 ni picha 200, sekunde 8 za video. Kila picha inakuchukua kama sekunde 8, yaani karibu dakika 27 za hatua kama za bibi harusi. Kosa kubwa si kuyumba, programu hutuliza kuyumba. Kosa ni kubadilisha urefu wa hatua. Tumia mistari ya matofali ya njia kama rula, au kipande cha uzi wa nusu mita uliofungwa mguu wa stendi. Beit el Ajaib iko njiani, nyumba ya 1883 iliyoporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Waliokuwa wamepiga mfululizo kama huu kabla ya siku hiyo wana kitu kisichopigika tena. Andika daftarini umesimama wapi na kamera ilikuwa na urefu gani, ili mwakani uweze kurudi hapo hapo.

Saa 11 maji yamejaa, vijana wanaruka ukutani Forodhani. Taimulepsi haimpati mrukaji: mruko mmoja haufiki sekunde mbili, utapata miguu tu. Ukitaka mruko, rikodi video ya kawaida sekunde 10. Ukitaka taimulepsi, piga ukuta wenyewe ukijaa na kupungua vichwa, kamera ielekee jua, vijana wawe vivuli vyeusi. Juni jua huzama kaskazini ya magharibi, baharini waziwazi. Disemba limehamia kusini na majumba ya Shangani huanza kulikinga, basi sogea ufukwe wa Shangani mapema.

Machweo ndipo video nyingi zinapoharibika. Anza nusu saa kabla jua halijazama, maliza dakika 45 baada yake, kipindi sekunde 5, picha 900. Kwetu hapa giza halibembelezi, kama dakika 20 baada ya jua kuzama taa zinashinda anga. Mwanga utaurekebisha wewe kwa mkono, theluthi moja ya hatua kila mara (hatua moja ya mwanga ni kuuzidisha mara mbili), usiruke hatua nzima. Kwanza refusha shata, kuanzia 1/200 hadi sekunde 2, halafu ndipo uguse ISO. Kila mguso uufanye mara tu picha inapomaliza kupigwa, kwa kidole kimoja, bila kuegemea stendi. Tundu usiliguse kabisa. Visu vya tundu havifungi sawasawa kila picha, tofauti ni ndogo mno kwa picha moja, ila kwenye video inapepesa kama taa ya koroboi. Dawa rahisi ni kulifungua tundu la lenzi mpaka mwisho tangu mwanzo, kwa sababu hapo visu havisogei.

Baada ya magharibi, moshi wa mishkaki na mashine za miwa. Taa za vibanda zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa hezi 50. Shata fupi kuliko 1/100 itachora michirizi. Kwa nusu sekunde hakuna tatizo. Kipindi sekunde 2, na urojo uagize baada ya kutegesha, si kabla.

Mwanzo na mwisho wa kila kituo piga picha ya kiganja chako mbele ya lenzi. Picha elfu sita zilizochanganyika hazitenganishwi kwa kumbukumbu, kiganja kinatenganisha. Na kila kituo rikodi sauti dakika moja kwa simu: video hii haina sauti yake, na mgongano wa vikombe vya muuza kahawa hauwezi kuutengeneza nyumbani.

Usiku ule ule nakili kadi sehemu mbili kabla ya kulala, folda kwa jina la kituo na saa. Miguu ya stendi ifunguliwe viungo vyote, isuuzwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe imefunguliwa. Ikifungwa na chumvi ya Malindi ndani, asubuhi ya pili haitavutika.